Swali la Nne

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Kwetu Coldbrook mvumilivu alikula vumbi, akainuliwa, akanusishwa dawa, akarudishwa uwanjani kula vumbi tena, na mji mzima ukasimama kumpigia makofi.

Jumapili ile ya Novemba niliitwa nyumbani kwa akina Hudak. Sikualikwa, niliitwa. Msichana yeyote aliyewahi kupendwa na kijana ambaye mama yake hamtaki anaijua tofauti hiyo.

Aliyekuja kunichukua bwenini ni Misko, kaka yake Stefan. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, ule mkono wenye vidole viwili tu, vingine vilibaki mgodini.

"Twende, binti wa mnyapara," alisema. "Mama amepika supu. Sijui kama ni ya kukunywesha au ya kukumwagia."

"Stefan yupo?"

"Yupo. Amekaa kama jiwe la kaburi. Unajua jana tumepigwa? Ishirini na saba kwa bila. Na Wardlow! Timu ambayo hata bibi yangu angewatoka wote akavuka mstari na mpira kwapani."

"Bibi yako amekufa, Misko."

"Ndiyo maana nasema."

Tulipanda mlima. Upande mmoja kilima cheusi cha mabaki ya makaa kilikuwa kinafuka moshi, upande mwingine nyumba za wachimbaji zimebanana, mapazia yanafunguka kidogo na kufungwa nikipita. Wiki iliyotangulia watu wale wale walikuwa wakinisalimia kwa jina, Nerys, Nerys wa Stefan. Sasa mwanamke mmoja alimwaga maji ya kudekia karibu kabisa na viatu vyangu, wala hakusema pole.

Sikumlaumu. Tangu Septemba mji wetu ulikuwa haujala chakula cha maana zaidi ya ule mpira wa Kimarekani, wa kubebwa mikononi na kugongana. Mgodi ulikuwa unafunga njia zake moja baada ya nyingine, lakini Chuo cha Maddern, chuo chetu kidogo ambacho hakuna mtu nje ya bonde aliyekijua, kilikuwa hakijashindwa mchezo hata mmoja msimu ule wa 1949. Na aliyekuwa akiubeba mpira, akiwapita wanaume wazito kuliko yeye, ni Stefan, mtoto wa mchimbaji. Kinyozi alikuwa hamdai. Padri alimtaja kwenye mahubiri. Na kila alipovuka mstari alikuwa na tabia moja ambayo watu wote waliijua: anavua ile kofia ya ngozi, anainua kidevu, macho yake yanakwenda moja kwa moja jukwaani, nguzo ya tatu, nilipokaa mimi. Hayakutafuta. Yalikuwa yanajua njia.

Hadi ile Jumamosi tulipocheza na Brynfield.

Walimvamia wawili, mmoja miguuni, mmoja kichwani. Kofia iliruka. Alilala pale kwenye tope lililoganda, mkono mmoja umenyooka juu hewani, umekakamaa, hakuna anayeushika. Daktari wa timu akaenda, akampitishia kichupa cha dawa puani, kisha akamuuliza maswali yake matatu.

Maswali hayo hayajabadilika tangu enzi za baba yangu. Leo siku gani? Tunacheza na nani? Nani anaongoza? Kijana akijiunga na timu, kabla hajapewa hata viatu, wakubwa wanamfundisha majibu kama mtoto anavyofundishwa sala. Na sala ikimpotea, wenzake wamemzunguka, mmoja amesimama nyuma ya mgongo wa daktari anamchezea midomo: Jumamosi. Brynfield. Sisi. Daktari anaona, lakini hajaona. Anampiga begani, "Mzima huyu," na mchezo unaendelea. Hakuna anayeuita uongo. Wanaita kumbeba mwenzako.

Stefan alijibu yote matatu. Akarudi, akavuka mstari mara mbili zaidi, tukashinda. Mara zote mbili alivua kofia, akainua kidevu, macho yakapanda jukwaani. Yakapita nguzo ya tatu. Yakanipita mimi. Yakaendelea kutafuta.

Siku tano baadaye nilikwenda ofisini kwa Mkuu wa Chuo nikamweleza kila kitu. Mkuu akamzuia Stefan kucheza hadi ajiridhishe. Jana ndiyo tukapigwa na Wardlow. Na leo nimeitwa.

Jiko la akina Hudak lilikuwa na joto la kuunguza. Mzee Juraj, baba yake, alikaa karibu na makaa akikohoa ndani ya leso, kila akimaliza anaikunja upesi kisionekane alichotoa. Stefan alikuwa dirishani, amevaa sweta lake la timu lenye herufi kubwa kifuani. Alinitazama, akatazama chini. Moyo wangu, mpumbavu ule, ulimkimbilia hata hivyo.

"Kaa," alisema Mama Zuzana.

Nilikaa. Aliniwekea bakuli la supu ya kuku na kipande cha mkate wa jozi. Kwa Waslovakia hata adui hakai mezani na tumbo tupu.

"Kocha alikuja hapa jana," alianza. "Akakaa hapo hapo ulipokaa wewe. Akala mkate huo huo. Akaniambia, mama, mwanao mzima, daktari amesema mzima. Mkuu wa Chuo amemzuia kwa maneno ya msichana tu."

"Maneno ya kweli, mama."

"Sijamaliza."

Misko aliminya midomo asicheke. Mama yake alimkata jicho, akarudi kwangu.

"Kesho asubuhi, kwenye sala ya chuo, utasimama mbele ya wote. Utasema uligombana na Stefan, ukamzushia kwa hasira. Utamwomba radhi kocha, utamwomba radhi daktari, utawaomba radhi vijana. Kocha amesema Mkuu akisikia hivyo atamwachia. Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani, anacheza na Estwick. Januari chuo kinaendelea kumsomesha. Yamekwisha."

"Nisiposema?"

Aliyejibu ni Mzee Juraj, kutoka pembeni, kwa sauti iliyochujwa na vumbi la miaka.

"Asipocheza Alhamisi, kocha ana kijana mwingine wa kumpa nafasi. Wanamsomesha kwa ajili ya miguu yake, binti, si kwa uzuri wa macho yake. Nafasi ikienda, Stefan anashuka na mimi."

Kwetu hakuna anayeuliza kushuka wapi.

"Baba yako alinishusha mimi," aliendelea mzee, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Alikuwa anasimama juu na saa yake mfukoni, kanisa lake safi, viatu safi. Sasa wewe unamshusha mwanangu. Kila kizazi kina mnyapara wake."

"Baba, basi," alisema Stefan.

"Nimesema uongo?"

"Hujasema uongo. Ila basi."

Mama Zuzana alikaa mbele yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuonekana mkali. Alionekana amechoka.

"Nilikuwa na wana watatu," alisema. "Huyu," akamwonyesha Misko kwa kidevu, "wamenirudishia nusu mkono. Janko wangu wa kwanza hawakunirudishia kitu. Dari ilishuka, wakafunga ukuta, wakaniambia mama, kaburi lake ndilo hilo. Napita juu yake kila siku nikienda dukani. Nikaapa huyu wa mwisho hatashuka. Umenielewa? Mpira unaumiza, najua, mimi ndiye ninayemfulia damu kwenye nguo. Lakini mpira unachezwa juu ya ardhi."

Nilikuwa na jambo moja mdomoni, nikaling'ata likarudi. Jumatano ya wiki ile Stefan alinisindikiza bwenini, akaanza kuharakisha hatua. Nikamuuliza, una haraka gani? Akaniambia, kwa uso mtulivu kabisa, "Janko ananisubiri langoni mgodini, atakasirika." Janko, aliyekuwa amekaa chini ya ukuta ule miaka miwili. Asubuhi yake nilikwenda kwa Mkuu. Mkuu nilimwambia. Mama yule singemwambia hata kwa kisu shingoni.

"Mama," nilisema, "niruhusu nimuulize Stefan swali moja."

Misko alishtuka. "Maswali matatu hayajakutosha?"

"Hili la nne."

"Muulize," alisema mama yake. "Muulize usikie mwenyewe."

Stefan aligeuka kutoka dirishani. Alijinyoosha kama anavyojinyoosha mbele ya daktari, mikono nyuma, na kitabasamu kile kilichonifanya mwaka jana nikose mtihani wa hesabu.

"Leo Jumapili," alisema. "Jana wamecheza na Wardlow. Wardlow ndio walioongoza, bahati mbaya. Nimepita, mwalimu?"

"Umeona!" Misko alipiga meza. "Mzima kama kengele!"

"Hayo umefundishwa," nilisema.

Nilivuta uzi uliokuwa shingoni mwangu, ndani ya gauni. Pete ikatoka. Pete nyembamba ya kale, jiwe lake dogo jekundu kama tone la mvinyo. Niliiweka mezani kando ya bakuli.

"Stefan, pete hii nimeipataje?"

Mama Zuzana alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Kisha ikawa maneno.

"Pete ya mama yangu! Wiki nzima naitafuta! Nimepindua godoro, nimechambua majivu! Mwizi! Umeingia nyumbani kwangu lini, we msichana?"

Mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama Stefan. Alikuwa ameisogelea meza, anaikodolea pete macho, na polepole kile kitabasamu kikazimika.

"Ni ya bibi hiyo," alisema. "Neri... umeitoa wapi?"

Kisha akafanya jambo ambalo nitaondoka nalo duniani. Macho yake yaliniacha, yakaenda haraka kwa kaka yake. Yakatua kwenye midomo ya Misko. Yakasubiri.

Misko alielewa. Niliona alivyoelewa, midomo yake ikafunguka, ikafungwa. Hakuwa na jibu la kumchezea. Hakuna aliyekuwa nalo chumbani mle ila mimi.

"Jumapili iliyopita," nilisema. "Siku moja baada ya Brynfield. Nyuma ya jukwaa, kwenye uwazi ule mnapotundika majezi yakauke. Ulipiga goti kwenye theluji iliyoyeyuka. Ukasema, Neri, goti limelowa, nijibu haraka kabla sijapata baridi yabisi. Ukasema umeitoa kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, kwa sababu ungemwomba mama angesema hapana. Nikasema ndiyo. Ukanibeba ukanizungusha hadi tukaanguka wote. Jumatatu nikakusubiri uniulize mbona sijaivaa kidoleni. Hukuuliza. Jumanne hukuuliza. Nikadhani umejuta. Nililia usiku kucha nikidhani umejuta, Stefan. Kumbe hukujuta. Hukuwepo."

Supu ilikuwa inachemka peke yake.

"Kopo la vifungo," alisema Mama Zuzana polepole. Akaketi. Hakurudia neno mwizi. Siri ya kopo lile waliijua wanawe tu, tangu wakiwa wadogo.

"Watu wanasahau," Misko alijaribu. "Mimi kila mwaka nasahau siku aliyozaliwa mke wangu. Ananipiga na mwiko, mwaka unaofuata nasahau tena."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye hakucheka.

Stefan aliichukua pete, akaigeuza kwenye mwanga. Nilijua anatafuta nini. Anatafuta theluji, goti, mimi nikisema ndiyo. Alitafuta hadi mshipa ukamsimama kwenye paji la uso, na nikaona aibu ikimpanda shingoni, aibu ya mtu mzima aliyepotea njia ya nyumbani kwao.

Mama yake alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika wangu. Mkono mgumu, wa moto.

"Sikiliza, binti. Nilisema Mwelisi, kabila lenu la wanyapara, hataingia nyumba hii ila kuleta habari za msiba. Nayafuta. Pete ni yako. Baada ya Krismasi nitakufunga kile kitambaa cha bibi harusi kwa mikono yangu, kama nilivyofungwa mimi. Padri nitazungumza naye. Baba yako nitamkaribisha, akae hapo na Juraj wakohoe pamoja. Utakuwa binti yangu. Ila kesho useme maneno yale. Alhamisi moja tu, binti. Mchezo mmoja."

Nani aliwahi kunitongoza vizuri hivyo? Mwaka mzima nilikuwa nikipita mbali na mtaa ule kwa kumwogopa mwanamke huyu. Mwaka mzima nilikuwa naota meza hii. Sasa meza imewekwa, nimeonyeshwa kiti changu, na bei yake ni sentensi chache za uongo asubuhi kwenye sala.

Stefan akapiga goti. Pale pale, sakafuni, mbele ya baba yake.

"Neri. Sikumbuki. Sitakudanganya, sikumbuki. Lakini kama nilikuomba, nilijua ninachofanya, kwa sababu sasa hivi nakuomba tena na ninajua. Nioe— niolewe— ah, unajua ninachotaka kusema. Nipe Alhamisi. Nikitoka uwanjani siku hiyo sitagusa mpira tena, naapa kwa Janko."

Macho yake yalinipata. Baada ya siku zote zile za kunipita, yalinipata, yakakaa, yale yale ya nguzo ya tatu. Mungu anisamehe, neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu.

Kisha nikaona mkono wake wa kushoto. Alikuwa ameshika mguu wa kiti. Ameukamata hadi vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe, kama mtu aliyesimama juu ya ubao unaoyumba. Ilikuwa sakafu ya jiko la mama yake, haiyumbi. Yeye tu ndiye aliyekuwa akiyumba.

"Ukianguka tena Alhamisi," nilimuuliza, "nani atakuambia jina langu?"

"Wenzangu watakuwepo. Watanibeba."

"Ndicho ninachokiogopa."

Nilisimama. Mama Zuzana alisimama pia, upesi, na ule uchovu wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Ukitoka bila kuniahidi, umemzika. Umesikia? Akishuka na dari ikashuka, ni mkono wako."

"Nimesikia, mama."

"Nitakutaja kwenye kila novena, siku zote tisa za sala!"

"Nitaje. Mgodini kuna taa, kuna kamba, kuna baba yake wa kumvuta mkono. Ndani ya kile kichwa kukizima hakuna wa kumshika. Sitamwombea kifo mahali popote. Lakini sitasimama kwenye sala nikamfungulia mlango wa kifo huku kwa sababu mgodini kuna mwingine."

Mzee Juraj alikohoa muda mrefu. Alipomaliza, hakuikunja leso. Aliiacha wazi gotini, nyeusi, akaitazama. Misko alinipa koti langu bila utani.

Pete niliiacha mkononi mwa Stefan.

Stefan alinifuata nje. Hakuvaa koti. Theluji ilikuwa imeanza, zile punje ndogo kavu zinazokwaruza uso, na mtaa mzima mapazia yalikuwa yamefunguka.

"Neri!"

Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho.

"Sawa," alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Usiende kumwomba radhi kocha. Usiende kwa daktari. Wote hao waache. Lakini mimi? Umenipeleka kwa Mkuu kama mtoto mwizi wa matofaa, hukuniambia. Umenitoa kwenye kitu pekee ninachokiweza. Baba anafuta taa yake ya pili ya mgodini kule ndani, ananiandalia. Mimi peke yangu, Neri. Niombe radhi mimi tu, nitajua pa kuanzia kukusamehe."

Nilimtazama vizuri, nikaanzia nywele hadi viatu. Nilikuwa najua simwangalii hivi tena. Alikuwa mzuri. Alikuwa amefunga kamba za kiatu kimoja tu.

"Nichukie, Stefan," nilimwambia. "Nichukie miaka yote uliyobakiwa nayo. Ila unichukie huku unakumbuka kwa nini."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Neri, nakuomba."

"Siombi radhi."